Kamba ya Mti wa Chini

Alichofanyiwa Mama Chiriku ni hiki, na hakina haja ya kuzungushwa: bintiye alikufa maji kwa uzembe wa mjomba wake, kisha mjomba huyo huyo akasema mtoto alijitakia. Alilisema kazini, akalisema nyumbani, akalisema hata makaburini, mbele ya watu waliokuwa bado na udongo mikononi. Na aliyesema hayo si mtu wa kuokotwa njiani. Ni mdogo wake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni tangu kitovu hakijapona.

Huyo mdogo ndiye sababu ya yeye kutojua kusoma. Mama yao alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuuza mboga sokoni, na mtoto mchanga alihitaji mgongo. Ukachaguliwa mgongo wa dada. "Mwakani utaanza shule," mama alimwambia. Mwaka ukaja, mtoto akawa anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Ukaja mwingine, akawa anakimbilia barabarani. Mtoto alipofika umri wa shule, ni yeye aliyepelekwa, na dada akamfulia shati. Huko alitoka na mdomo. Maneno yalimtii kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama. Angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe, ukaondoka unamshukuru. Ilipofunguliwa hifadhi ya msitu nje kidogo ya jiji, ile yenye maporomoko ya maji, alipata kazi ya kutembeza wageni bila kuombewa na mtu yeyote. Dada alishangilia kuliko wote. Alimshonea hata vifungo vya sare.

Kazi ile ina mambo mengi, lakini jambo moja ndilo limeshika roho za watu. Chini ya maporomoko kuna jiwe bapa, pana kama sakafu ya sebule, limeingia mpaka ndani ya bwawa. Kiangazi wageni huruhusiwa kushuka hapo wakapiga picha na kutia miguu majini. Siku hizo kamba ya buluu ya kuzuia watu hufungwa kwenye mti wa chini, ule ulioinamia maji. Lakini mvua ikinyesha milimani, hata kama huku jua linachoma, maji hushuka ghafla, mekundu, yanabeba magogo. Kwa hiyo mwongozaji wa zamu akiona mawingu yametanda kule juu, anatakiwa kuihamishia kamba kwenye mti wa juu, pale ngazi zinapoishia, na jiwe linakuwa marufuku. Kuifungua na kuifunga hakumalizi hata kikombe cha chai. Tatizo ni kwamba kamba ikiwa juu, wageni hununa. Picha hazipendezi, maporomoko yanaonekana kama uzi. Na mgeni aliyenuna hamsifii mwongozaji kwa wakubwa wake.

Siku ile mawingu yalikuwa yametanda milimani, na kamba ilikuwa mti wa chini.

Chiriku alikuwa amempelekea mjomba wake chakula cha mchana. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kufunga mlango akibadili nguo. Ukimtuma, hata kabla hujamaliza, anakujibu, "Nasikia, mama, nasikia," na kweli amesikia, na kweli atafanya, ila atafanya huku anaongea njia nzima. Mjomba wake alikula, akampa hotipoti akaisuuze pale jiweni, yeye akarudi kwa wageni wake waliokuwa wanataka kupigwa picha.

Mama Chiriku hakuota jambo hili la kamba wala hakulisikia mitaani. Jioni ile alifika mbio, kanga imemfunguka, akashuka ngazi zote bila kujua ameshukaje, na alipokosa pa kujishikilia wakati wanaume wanatafuta mwili kwa miti mirefu, alishika kamba. Kamba ya buluu, imelowa, imefungwa mti wa chini. Aliikamata mpaka viganja vikachubuka. Na mdogo wake alikuwa amechuchumaa pembeni yake, analia kama alivyokuwa akilia mgongoni, anarudia neno moja: "Nilimtuma asuuze hotipoti tu, dada. Hotipoti tu."

Kesho yake wakubwa wa hifadhi walikuja na viatu vyao vya kung'aa. Walikuta kamba iko mti wa juu, imekazwa vizuri. Mdogo wake akawaeleza kwamba mtoto aliambiwa asipite, akainama chini ya kamba, akapita. Hotipoti haikutajwa tena.

"Kamba ilikuwa chini!" Mama Chiriku alisema. "Niliishika kwa mikono yangu hii!"

"Pole sana, mama," mmoja wa wakubwa alimjibu kwa upole, ule upole wa kumfunika mtu kama shuka. "Mtu akiwa na uchungu macho huona mengi."

Mama Chiriku akamgeukia mama yake mzazi. Mama alimvuta chumbani, akafunga mlango kwa mgongo.

"Mmoja kaenda," mama alimwambia. "Unataka na huyu nimfuate gerezani na kikapu? Harudi mtoto kwa kumfunga mjomba wake. Meza."

"Nimeze nini, mama? Wanasema mwanangu mkaidi."

"Aliyekufa hasikii. Meza."

Akameza. Mumewe hakumeza, alitema. "Ulimlea hivyo hivyo, mdomo mbele masikio nyuma," alisema, na baada ya arobaini akabeba begi lake kwenda kukaa kwa ndugu zake kidogo. Hicho kidogo hakijaisha mpaka leo. Majirani nao wakapata taabu ya kumwita. Mama Chiriku, walihisi, ni kumtonesha. Wakahamia kwenye jina la mwanawe wa pili, yule mdogo, kama vile yule wa kwanza alikuwa makosa yaliyofutwa. Yeye mwenyewe moyoni hakuhama. Alibaki Mama Chiriku.

Miaka ikaenda hivyo. Alipata kazi ya kufua kwenye nyumba ya wageni katikati ya jiji: chumba cha nyuma, karo mbili za saruji, kamba za kuanikia juu ya paa, na harufu ya dawa ya kung'arishia shuka ambayo haimtoki vidoleni hata akila. Wageni walimwita Dobi. Alilipenda jina hilo kwa kuwa halikuwa na mtoto wa mtu ndani yake.

Siku moja mgeni mmoja, kijana mchangamfu aliyekuja mjini kwa mafunzo ya kazi, alimletea suruali iliyotapakaa matope mpaka magotini.

"Dobi, hii itatoka kweli, au niizike?"

"Umeanguka wapi, baba?"

"Huko kwenye maporomoko. Ah, Dobi, hujawahi kwenda? Uzuri wa mahali pale! Halafu yule mwongozaji wao, mbavu sina! Anasimulia kisa cha binti mmoja mkaidi..."

Mama Chiriku alikuwa ameshika sabuni. Hakuiweka.

"Anasema binti alikuwa domo kaya, haambiliki. Akiambiwa rudi huku, kamba hiyo, anajibu, 'Nasikia, mjomba, nasikia!' huku anazidi kwenda. Maji yakambeba bado anasema nasikia. Basi pale ukifika mwongozaji anawapanga wote, anauliza, 'Wageni wangu, mnaiona kamba?' Na nyinyi lazima mjibu kwa pamoja: 'Nasikia, mjomba!' Tulicheka! Yaani kila anayekwenda pale anarudi nalo. Hata ofisini tukiambiwa kitu sasa hivi, nasikia mjomba."

Alicheka tena, peke yake. "Vipi, Dobi? Umepauka."

"Itatoka," alimjibu. "Matope hutoka."

Alifua suruali ile mpaka rangi yake ikaanza kufifia. Alikuwa amemeza kwamba mwanawe alikufa. Alikuwa amemeza kwamba alisingiziwa. Lakini kwamba sauti ya mtoto, lile jibu lake la kila siku mlangoni, limevishwa kofia na kuchezeshwa mbele za watu kila asubuhi, hilo lilikataa kushuka. Lilisimama kooni kama mfupa. Hakulala, hakula, na kila shuka aliyoikamua ilikuwa inamwambia nasikia.

Siku yake ya mapumziko alivaa gauni la kwendea harusini, akapanda basi la asubuhi, akafika getini kwenye hifadhi na kulipa kiingilio kama watu wengine. Alikuwa na haja moja tu: mdogo wake aseme ukweli pale pale anapousemea uongo, mbele ya wageni. Hakutaka afungwe, wala hakutaka afukuzwe kazi. Aseme tu.

Mdogo wake alimwona akiwa anagawa fimbo za kutembelea. Tabasamu lilimwanguka, akaliokota haraka. Akamsogelea kwa kujifanya anampa fimbo.

"Dada. Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kutembea. Kwani maporomoko ni yako?"

"Nakuomba urudi. Jioni nitapita nyumbani, tutaongea."

"Jioni zako nazijua. Zina miaka."

"Dada, nina wageni."

"Na mimi ni mgeni. Nitembeze."

Kundi lilikuwa dogo: bwana mmoja mnene na rafiki zake wa kumtania, bibi na bwana harusi ambao bado hawajazoea kushikana mikono mbele za watu, na mama mmoja wa miwani na binti yake aliyekuwa ananuna kwa sababu simu haishiki mtandao. Walishuka ngazi za mbao zilizoota ukoga wa kijani, chini ya miti mikubwa iliyolikata jua vipande vipande. Mdogo wake alieleza miti, akaeleza ndege, akaeleza nyani wanaoiba chakula, lakini sauti yake ilikuwa imelegea kama betri inayokwisha. Mama Chiriku alitembea wa mwisho, anashika kila nguzo ya ngazi. Siku ile alizishuka mbio; leo kila moja ilikuwa inamuuliza anakwenda wapi.

Mngurumo ukaanza kusikika, halafu baridi ya maji usoni, halafu wakatokea. Maporomoko yalikuwa vile vile, meupe, yenye makelele. Hayakumkumbuka.

Kamba ya buluu ilikuwa mti wa chini. Akainua macho: juu ya milima mawingu yalikuwa yamekaa kama godoro lililolowa.

Mdogo wake hakusimulia kisa. Aliwaambia wapige picha haraka ili wapande. Pengine siku ile ingepita hivyo, lakini yule bwana mnene akapiga kelele:

"Aa, mwongozaji, usitudhulumu! Ile ya binti mkaidi iko wapi? Tumeambiwa tusiondoke bila kuisikia!"

"Leo... leo muda umebana, mzee."

"Muda wa kuchekesha haubani! Tuambie, bwana."

Na wengine wakaitikia: tuambie, tuambie. Mama Chiriku alimtazama mdogo wake. Ndiyo nafasi, alimwambia kwa macho, umeletewa watu, umepewa na kisa chenyewe mkononi, kinyooshe tu. Kwa kitambo yule mtu alifungua mdomo, na dada yake akaliona kabisa neno limefika nyuma ya meno. Kisha akameza mate, akavaa tabasamu, na akaanza. Palikuwa na binti mmoja, domo kaya. Maneno yalikuwa yameshazoea njia, yalikwenda yenyewe. Alipofika mwisho akauliza, sauti imekauka:

"Wageni wangu, mnaiona kamba?"

"Nasikia, mjomba!" waliitikia, hata bibi harusi, na msitu ukarudisha.

Yule mama wa miwani akamfinya binti yake begani. "Umesikia wewe? Ndiyo mwisho wa watoto wasioambilika."

"Hakuwa haambiliki," Mama Chiriku alisema.

Wakageuka.

"Alitumwa. Alikuwa anasuuza chombo. Pale, jiweni. Kamba ilikuwa hapa ilipo leo, hii hii, mti huu huu. Hakupita chini ya kamba yoyote."

Wakamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevaa nguo kinyume.

"Kwani mama ulikuwepo?" bwana mnene aliuliza.

"Muulizeni huyu kama nilikuwepo. Muulizeni mimi ni nani."

Wote wakamtazama mwongozaji. Alikuwa anatazama fimbo yake. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile.

"Huyu mama..." alianza. Huyu mama! "Huyu mama ni mgeni wetu kama nyinyi. Mahali hapa huwagusa watu. Tupande, wageni wangu, mawingu si mazuri."

Basi Mama Chiriku akavua viatu. Alivipanga pamoja, akashuka jiweni, akakaa katikati yake na gauni lake la harusini, miguu ndani ya maji. Jiwe lilikuwa baridi mpaka ubaridi ukamfika tumboni.

"Dada!" Lilimponyoka. Wageni wakalisikia, wakatazamana.

"Haya, sasa mimi dada yako. Endelea."

"Toka hapo! Maji yanakuja, unajua yanavyokuja!"

"Najua kuliko wote hawa. Sema, nitoke."

"Nitakwambia nyumbani kila kitu!"

"Mimi sihitaji kuambiwa, mimi ninajua. Waambie hao."

Maji yaliyokuwa yanamgusa vifundoni yalianza kubadilika. Kwanza yalileta majani, halafu yakaleta rangi, nyekundu hafifu kama chai iliyochujwa mara ya pili. Bibi harusi alianza kulia. Bwana mnene alimsukuma mwongozaji: "Wewe, sema hicho anachotaka, mtu atakufa hapa!" Na yule mdogo wake, mwenye mdomo wa kuuza vivuli, alisimama kando ya mti wa chini akishika kamba kwa mikono miwili, mdomo unafunguka na kufungika kama wa samaki, na halikutoka hata neno. Hapo ndipo dada yake alipojua. Alikuwa amekuja akiamini kwamba akisukumwa mpaka mwisho atasema. Sasa aliona mwisho wenyewe, na kwamba yule mtoto aliyembeba angemwacha aende na maji kuliko kusema sentensi moja.

Maji yalifika kwenye muundi. Akamkumbuka mwanawe mdogo, aliyemwacha kwa jirani akimwambia atarudi na ndizi. Nani atamvua sare jioni? Bibi yake, ambaye angemfundisha kumeza? Alijiona anainuka. Hakuna aliyemshika mkono. Alipanda kwa magoti, akateleza, akaushika ule mti wa chini, na kwa mara ya pili katika maisha yake akaikamata ile kamba, imelowa, imechubua pale pale ilipochubua zamani.

Hakuwa amefika mbali kwenye ngazi maji yaliposhuka kweli. Jiwe lilitoweka. Viatu vyake viliondoka navyo. Wageni walipiga mayowe, wakaanza kutoa simu.

Mdogo wake aliifungua kamba, akaja nayo mbio mpaka mti wa juu, akaikaza pale. Ilipobidi apite karibu na dada yake kwenye ngazi nyembamba, aliinamisha kichwa na kumnong'oneza sikioni, chini chini, huku maji yananguruma ili pasiwe na mwingine wa kusikia:

"Nisamehe, dada. Nilimtuma mimi."

Kisha akapanda ngazi mbili, akawageukia wageni, akafuta uso kwa mkono wa sare. Walikuwa wanamsubiri, wana hofu, wanataka mtu awatoe katika hofu hiyo. Na yeye hajawahi kumwacha mgeni akiwa amenuna.

"Poleni, wageni wangu," alisema, na tabasamu likarudi mahali pake. "Mnaona wenyewe. Ndiyo maana tunasimulia. Watu wakaidi hawajaisha. Mnaiona kamba?"

Kwanza walitazama pale jiwe lilipokuwa. Halafu bwana mnene, kwa nafuu tu ya kuwa hai, akacheka kicheko cha kuhema, na mmoja wa rafiki zake akasema, "Nasikia, mjomba." Wengine wakafuata, taratibu, wakipanda. Yule binti wa simu peke yake hakuitikia. Alimtazama Mama Chiriku miguuni, akaona hana viatu, akasogea upande ili apite palipo pakavu.

Mama Chiriku alirudi jijini peku. Alimchukua mwanawe kwa jirani bila ndizi. Kesho yake alikuwa karoni, na kabla wiki haijaisha mgeni mwingine alikuja na suruali ya matope akicheka: siku hizi kule kwenye maporomoko wana visa viwili, Dobi, cha binti mkaidi na cha mwanamke aliyekwenda kukaa jiweni kumfuata.

Radhi aliyoombwa sikioni Mama Chiriku hakuitoa: si sikioni alikotaka iombwe. Mama yao anadaiwa kumfungulia ule mlango alioufunga kwa mgongo. Wakubwa wa hifadhi wanadaiwa kumuuliza upya iliyokuwa wapi kamba, na safari hii wasimpe pole kabla hajajibu. Na mdogo wake anadaiwa kuliko wote: asimame pale ngazi zinapoishia, asubuhi, wageni wakiwa wamejaa, aseme kwa sauti ile ile anayochekeshea kwamba kamba ilikuwa mti wa chini, kwamba mtoto alitumwa na yeye, na kwamba alikwenda kwa sababu alisikia.